Eda ya Beata

Wiki iliyopita niliingia dukani kununua kitambaa cha kushonea ndani ya pazia. Muuzaji akateremsha jora la bafta nyeupe, akalikunjua mezani, akapasua kipande kwa mikono kama wafanyavyo wauza vitambaa wote, na ile harufu ikanifikia kabla sijajiandaa. Bafta mpya ambayo haijaingia majini ina harufu ya wanga na ya kufungiwa. Nilimwomba muuzaji kiti. Akadhani ni presha, akaniletea maji, akaanza kunishauri nipunguze chumvi. Nilimwacha anishauri, maana sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba nilikuwa nimerudi utotoni, niko chumbani kwa Bibi, Biryogo, mtaa wetu wa Waswahili, na Bibi anaikata sanda yake kwa mkasi.

Mimi huandika hadithi, na kila Jumamosi vijana huniletea za kwao nizisome. Karibu wote wana ugonjwa mmoja. Kabla mhusika hajafungua hata mlango, wameshatuambia kwamba alikuwa mwanamke jasiri, mwenye huruma, anayewapenda majirani zake. Nachukua kalamu, nafuta. Wananuna. Juzi mmoja aliniuliza, kwa adabu lakini kwa hasira, sasa msomaji atajuaje kwamba ana huruma asipoambiwa? Nikamjibu, mpe kitu cha kufanya. Akataka mfano. Nikababaika, nikampa mfano wa uongo wa kuokota, kwa sababu ule wa kweli nilionao si wa kutolewa huku watu wanakunywa chai na mandazi. Basi nauandika hapa, kwa ajili ya watu wa rika langu ambao hawatahitaji kuelezwa ilikuwa miaka gani.

Mngeniuliza wakati ule Bibi yangu ni mtu wa namna gani, ningewaambia ana roho mbaya. Mama yangu alifariki nikiwa sijui hata kumwita. Baba yangu, Feruzi, alikuwa dereva wa malori yanayokwenda pwani, na mwezi mzima ulipita hatujamwona. Kwa hiyo nililelewa na mikono ya Bibi, na mikono yenyewe ilikuwa myepesi ya kupiga. Alikaanga vitumbua asubuhi na kuviuza mlangoni, na hata mteja akimpa salamu ya heri alijibiwa kwa mkato. Kubwa kuliko yote, Bibi hakuwa na tabia ya kueleza jambo. Ukimuuliza kwa nini, anakupa ufagio. Shuleni mwalimu alipotusimamisha kwa makundi, Wahutu upande huu, Watutsi upande ule, sisi watoto wa Waswahili tulibaki katikati tunatazamana. Nilirudi nyumbani nikamuuliza Bibi nisimame upande gani. Nilifagia uwanja wote siku ile, na sehemu ya jirani.

Chumba cha uani alikipangisha kwa mwalimu mmoja kijana, Anastasi, na mkewe Beata. Walikuwa Watutsi, Wakristo, na ndoa yao ilikuwa bado changa. Beata nilimwita dada. Alinisuka nywele, alinifundisha kuhesabu kwa Kifaransa, na alicheka kwa kuziba mdomo kwa kiganja. Bibi hakumwachia nafasi ya kupumua. Leo jiko lake linatoa moshi upande wa nguo, kesho kamba ameifunga chini mno, Jumapili redio yake inaimba kanisa hadi kwenye msala wa watu. Beata aliinama kidogo na kusema, "Ndiyo, Mama," kisha Bibi akigeuka tu, ananikonyeza mimi. Nilikuwa na hakika kwamba Bibi anamchukia. Ushahidi niliuona kwa macho yangu kila siku.

Mtu mwema mtaani kwetu, kwa hesabu yangu ya kitoto, alikuwa Pachi. Alikuwa akiziba pancha za matairi pale kona, na jina lake halisi sijawahi kulijua. Alinijazia upepo mpira wangu bure, alikuwa na peremende mfukoni kila siku, na lori la Baba likitokea alinibeba mabegani kwenda kulipokea. Watu wazima nao walisema hivyo hivyo, Pachi ni mtu mzuri sana. Ningeandika hadithi wakati ule, ningeanza na sentensi hiyo.

Chini ya kitanda Bibi alikuwa na sanduku la bati, na ndani ya sanduku, sanda yake. Mabibi wengi wa kwetu walikuwa nayo. Waliinunua mapema wakiwa na nguvu, ili siku ikifika watoto wasihangaike. Kabla ya kila Ramadhani aliitoa, akaianika kivulini, akaitia karafuu na ubani, akaikunja tena na kuifungia. Niliwahi kuigusa kwa vidole vyenye mafuta ya vitumbua. Kofi nililopata nalisikia hadi leo. Sikuona ajabu wala kuogopa kwamba kitambaa kile kilikuwa kinamngojea afe. Nilijua tu kwamba katika nyumba nzima hapakuwa na kitu alichokithamini kuliko hicho.

Mwaka ule Baba alikula Idi pamoja nasi, kisha akaondoka na lori. Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza. Asubuhi moja redio ikawa inapiga muziki usio na maneno, na watu wakaambiwa wasitoke majumbani. Nilifurahi. Nilidhani ni sikukuu ambayo hatujaizoea. Kabla ya jua kusimama tulishasikia bunduki upande wa Kacyiru, na kwenye kona ya Pachi wakawa wamelaza gogo katikati ya njia, wakapanga na kreti za bia, na kila anayepita anaulizwa kitambulisho. Kitambulisho kilisema wewe ni kabila gani. Aliyeandikwa Mtutsi hakupita.

Bibi alianza kufanya mambo, na mimi nikayasoma yote kinyume. Alimtoa Beata chumba cha uani akamwingiza chumba chake cha ndani, kile chenye pazia, akamwambia asionekane. Nikadhani amemfungia kwa kosa fulani. Akachukua vitabu vya Anastasi, msalaba wao wa ukutani, hata picha ya harusi iliyokuwa kwenye kioo, akavitumbukiza chooni kimoja kimoja nikimwangalia. Kioo kilipovunjika huko chini nilianza kulia kwa ajili ya Beata, nikasema moyoni Mungu atamchoma huyu bibi. Akakifunga kile chumba cha uani kwa kufuli, akaanika mchele mbele ya mlango wake. Mtu akitazama angeona ghala, na wapangaji wamekwenda zao.

Anastasi naye alijificha ndani humo, lakini siku chache tu. Alikuwa na Mzungu aliyewahi kumfundisha, anakaa Kiyovu, na aliamini akimfikia atapata gari la kuwachukua wote wawili. Bibi alimvisha kanzu ya Baba na kofia yake. Hakumwambia usiende wala hakumwambia nenda. Alimfundisha kutoa salamu ya kwetu na kuijibu, akamrudisha nyuma mara kadhaa kama mtoto wa chuoni, hadi akaridhika na matamshi. Beata alisimama nyuma ya pazia. Anastasi akaniambia nimtunzie dada, atarudi kumchukua kabla ya adhuhuri.

Adhuhuri ikapita. Alasiri ikaingia. Mama Zaina, jirani yetu, akaja na ndoo ya maji kichwani, akaitua jikoni, akamnong'oneza Bibi kitu. Bibi aliweka mwiko chini. Akaingia chumbani, pazia likaanguka nyuma yake, na baada ya kitambo kidogo nikasikia ukelele ambao sijausikia tena kwa mtu. Ulitoka mara moja tu, kisha ukazibwa. Lakini ulikuwa umeshatoka. Mtaa mzima uliusikia, na kule kwenye gogo wale watu waliusikia pia, nao walijua vizuri kwamba katika nyumba ile wamebaki bibi kizee na mtoto mdogo, na sauti ile haikuwa ya yeyote kati yao.

Leo najua jinsi Bibi alivyopima jambo lile. Kilio kilishatoka, na kilio hutaka maiti. Yule mwenye maiti ya kweli hakuweza kutajwa. Bibi alitoka nje hadi katikati ya uwanja, akafungua khanga yake kichwani, akaweka mikono utosini, akaanza kuomboleza kwa sauti ya kupasua koo kwamba mwanawe Feruzi amekufa, lori limeungua njiani, mwanawe wa pekee, Feruzi wake.

Baba hakuwa amekufa. Aliyekufa alikuwa Anastasi, pale pale chini barabarani, kwenye kizuizi cha pili. Lakini siku ile hakuna aliyeniambia, na mimi nilikuwa mtoto wa Feruzi, nikaamini.

Sitaki kusema mengi juu ya nilivyolia. Nililia hadi nikatapika. Nilimkimbilia Bibi, akanishika bega, akanigeuza, akaniambia nikalete mkasi. Nikaleta. Akavuta lile sanduku, akatoa sanda, akaitandaza mkekani na kuikata. Karafuu zikatawanyika sakafuni, na ile harufu ikajaa chumba. Alikata gauni pana lisilo na umbo, akakata na kitambaa cha kufunika kichwa, akashona haraka kwa mkono, nyuzi ndefu za ovyo ambazo siku nyingine angenifumulisha. Beata alikuwa amekaa ukutani, macho makavu, meno yake yameng'ata kiganja. Bibi akamvua nguo zake, akamvisha, akamfunika. Miaka mingi baadaye Bibi alipofariki, tulimnunulia sanda dukani, haraka haraka, kama watu ambao hawakujiandaa.

Kwa wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa eda, miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, haonwi na mwanamume wa kando. Wazee wetu waliotokea Ujiji na Tabora waliongeza na ya kwao. Mjane huyo walimwita kizuka, na waliamini mwanamume akimtazama uso kizuka, nuksi itamfuata hadi kaburini. Biryogo nzima iliamini hivyo, hata wasiosali. Pachi na wenzake kule kwenye gogo walikulia katika imani hiyo.

Watu wakaja kuhani, wachache, wenye kuthubutu. Akaja na ustadh wetu wa madrasa. Yeye ndiye aliyefungisha ndoa ya Baba na Mama, na ndiye aliyemzika Mama, na alijua kuliko mtu yeyote kwamba Baba hakuwa ameoa tena. Alimuuliza Bibi nani ameleta habari ya msiba. Bibi akasema, "Mimi." Akamuuliza mjane yuko wapi. Bibi akaelekeza kidevu kwenye pazia. Ustadh alilitazama lile pazia muda mrefu, na mimi nilimtazama yeye, maana nilitaka mtu mzima mmoja aniambie kwamba si kweli. Akainua mikono, akamwombea Baba maghufira, na sote tukaitikia. Halafu akatoka hadi barabarani, akawaambia wanaume, kwa ile sauti yake ya kuadhinia, kwamba nyumba hii ina kizuka na asije mwanamume akapita mlango wa ndani.

Kwa hiyo nikapata maelezo yangu mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyenipa mengine. Baba alikuwa amemuoa Beata kwa siri. Anastasi alikwenda zake Kiyovu akakaa huko, pengine kwa hasira. Na Beata aliposikia Baba amekufa, akapiga ule ukelele. Kila kitu kiliingia mahali pake. Mwanzoni nilimwonea wivu. Kisha nikaanza kulala miguuni pake mchana, kwenye kile chumba kisicho na dirisha la maana, na tukawa tunalia pamoja. Alinifuta machozi kwa pindo la sanda ya Bibi. Nilimpenda kuliko zamani, kwa sababu nilidhani ni sisi wawili tu duniani tunaomlilia Feruzi hivyo. Bibi hakulia tena baada ya siku ya kwanza. Niliona wazi kwamba hata mwanawe hakumpenda.

Wiki zikaenda. Chakula kilikuwa maharage, na maharage yakawa nusu kopo. Bibi aliweka kigoda chake mlangoni mwa chumba cha ndani na kukaa hapo tangu asubuhi hadi jua linazama, akichambua, akishona, akivuta tasbihi. Mara moja nilijilaza kando yake nikalia kimya kimya. Nikahisi mkono wake umekuja juu ya kichwa changu. Haukunigusa. Ulikaa pale hewani, kisha ukarudi kwenye tasbihi.

Walikuja mchana, baada ya mvua. Pachi alikuwa mbele, na nyuma yake vijana ambao sikuwajua, wananuka pombe. Alikuwa ameshika panga kama anavyolishika mtu aliyetoka shambani, chini, bila kulifikiria. Alimsalimu Bibi kwa heshima zote.

"Mukecuru," alimwambia, kama wanavyoitwa bibi vizee kwa Kinyarwanda, "watu nasema hapa iko mutu. Mwanamuke. Tunataka angaria kitamburisho yake tu."

Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alisema kitambulisho cha mkwewe kiliungua ndani ya lori, mumewe alikuwa nacho. Pachi akasema hakujua Feruzi ana mke. Vijana wakaanza kusogea. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kizingiti cha jikoni, na Bibi, bila kuinua macho kwenye ungo, akaniita.

"We mtoto, njoo hapa. Mwambie Pachi kilichompata baba yako."

Sikuwa nimewahi kulisema kwa mdomo wangu. Nilifungua kinywa, nikasema lori liliungua, na Baba alikuwa ndani, na hakuweza kutoka, kwa sababu kichwani mwangu nilikuwa nimeshamwona akishindwa kutoka kila siku tangu siku ile. Nikaendelea. Nikasema na mikono yake ilivyoungua. Kisha nikaanguka chini nikawa siwezi kupumua. Ndipo Pachi akachuchumaa. Aliweka panga magotini, akanitazama, akaona kitu ambacho hakuna mtoto anayeweza kukiigiza.

"Feruzi arikufa kweri," alisema. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono ule ule uliokuwa umeshika panga. Aliwaambia wenzake kwamba Feruzi ndiye aliyemletea pampu kutoka Mombasa, ile pampu inayompatia chakula. Kijana mmoja alishafika kwenye pazia, ameshalishika. Pachi akamwambia, bila kelele, "Acha hiyo. Kizuka iko mule. Utatuharibia."

Yule kijana akaliachia. Pachi akatia mkono mfukoni, akanipa peremende, akampa Bibi pole, wakatoka. Wakaingia nyumba ya pili, kwa fundi saa. Yaliyosikika kutoka huko sitayaandika. Peremende niliila. Ilikuwa ya ndimu.

Mkinipa kalamu sasa niandike Pachi alikuwa mtu wa namna gani, nitaandika hayo tu niliyoyaona, na nitamshukuru msomaji akinisaidia. Nimejaribu kumwita mnyama, haikukaa. Mtu mzuri, hilo hapana. Alilia kwelikweli, na panga lile lilikuwa na kazi mchana ule.

Bibi aliendelea kuchambua. Nilimwona akiokota mawe na kuyatia sufuriani, na maharage akiyatupa nje, moja moja, kwa uangalifu mkubwa, hadi ungo ukaisha. Nikamwambia, "Bibi, umetia mawe." Alitazama sufuria kama mtu aliyeamshwa. Hakunipiga. Akainuka, akaenda kuyaokota yale maharage topeni.

Nimemkasirikia miaka mingi kwa siku ile. Nilipokuwa mkubwa wa kutosha kuelewa kwamba alinificha ukweli ili machozi yangu yawe ya kweli, kwamba aliyajua na kuyatumia kama ukuta wa nyumba, nilimchukia upya, na kwa sababu bora zaidi kuliko za kwanza. Mtoto hawezi kutunza siri, hilo nakubali. Ningemwambia Pachi kwa kumtazama tu. Na Beata angekufa pale pale kwenye mkeka. Haya yote nayakubali, na bado, nikikumbuka mkono ule uliokaa hewani juu ya kichwa changu, naumia.

Risasi ziliendelea hadi kiangazi kilipoingia. Siku moja zikaacha. Gogo likabaki kona bila wenyewe. Pachi alionekana akisukuma mkokoteni uliojaa magodoro, ameelekea magharibi na umati wa watu, na hiyo ndiyo mara ya mwisho. Wakaja wanajeshi wengine. Mitaa ilikuwa na harufu, na mbwa walikuwa wanene.

Baba akaja kwa miguu. Gari lilimshusha Kabuga, akatembea mwendo uliobaki. Miezi yote alikuwa amekwama ng'ambo ya mpaka, upande wa Tanzania, na lori lake zima, hata taa haijavunjika. Nilikuwa uani nikichota maji, nikainua macho nikamwona amesimama getini, amekonda, ana ndevu. Nikakimbilia nyuma ya choo. Nilidhani ni mzimu, na nikamwomba Mungu aniondolee. Baba akaniita kwa lile jina la mchezo analoniita yeye peke yake. Hata hivyo sikutoka.

Bibi aliinuka kwenye kigoda. Alimwendea, akamshika mikono kutoka mabegani hadi viganjani, kama anayetafuta palipovunjika. Kisha akapiga sijda hapo hapo kwenye vumbi, paji la uso ardhini, akakaa hivyo muda mrefu hadi Baba akaingiwa na hofu na kumwinua. Alikuwa ameutoa uhai wa mwanawe mbele ya watu, na kila siku aliyokaa mlangoni pale, nadhani, alikuwa akimwomba Mungu asiupokee. Baba alipoambiwa kwamba alishafanyiwa matanga, alicheka. Halafu Mama Zaina akamweleza sababu, akaacha kucheka.

Mimi nikatoka nyuma ya choo. Nilimgusa, alikuwa na joto, alinuka dizeli. Furaha iliyonipata nashindwa kuielezea. Na jambo la kwanza nililowaza ni kwamba yuko mtu mwingine ambaye bado hajui. Nikakimbia chumbani, nikalivuta pazia. Nilitaka niwe wa kwanza kumwambia.

"Dada Beata, toka. Baba hakufa. Amerudi, yuko hapo nje. Usilie tena."

Beata akanivuta karibu, akanishika mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umekuwa mweupe kwa kukosa jua.

"Baba yako iko muzima, namushukuru Mungu sana," alisema polepole. "Lakini mimi si yeye nilikuwa nalia. Nalia Anastasi."

Nikamwambia Anastasi yuko Kiyovu.

"Hapana. Walimuua ile siku. Wewe ulikuwa unalia baba, mimi nalia bwana wangu, tuko chumba moja."

Nje nilisikia majirani wanaanza kukusanyika, wanamgusa Baba, wanamshukuru Mungu kwa sauti. Niliona haya kuwa na baba. Sikujua nimfiche wapi.

Beata akatoka nje mwenyewe, akiziba macho kwa mwanga. Alimsalimu Baba kwa mikono miwili, naye Baba akainamisha kichwa akampa pole, ya kwanza aliyopewa kwa msiba wake halisi. Mama Zaina akamwambia sasa mji umetulia, avue hizo nguo, aende akatafute ndugu zake kama wamebaki, maana sheria ile si yake. Beata akanawa uso kwenye ndoo. Akautazama mlango wa chumba cha uani, ule wenye kufuli. Kisha akageuka, akarudi ndani, na pazia likashuka.

Baba alikuwa ndiyo kwanza ametua begi lake. Alimsogelea Bibi akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yule dada ni Mkristo, na hatari imekwisha, mbona yeye mwenyewe hamwambii inatosha.

"Ana eda," Bibi alisema.

"Mama, eda ile ilikuwa ya kwangu."

"Nimekwambia ana eda. Mumewe amekufa."

Baba akaomba ufunguo wa kufuli, akachukua begi na mkeka, akahamia chumba cha uani, na tangu siku ile, kila alipotaka kupita kwenye ujia wa ndani, alikohoa kwanza akangoja, hadi miezi ya Beata ikatimia. Bibi akarudi kwenye kigoda chake mlangoni, akakaa.